Hivi kweli Leonardo alimchora Mona Lisa kwa uwiano wa dhahabu? Njooni na rula

#1 Mzee wa Rula

Wakuu habarini za jioni.

Ile video imerudi tena kwenye magrupu. Sura ya Mona Lisa, juu yake mstari wa konokono unaojizungusha hadi puani, muziki wa filamu za kutisha, halafu sauti nzito: "1.618, namba ya Mungu." Safari hii kaileta mwalimu mmoja wa kozi ya kubuni nembo, na vijana wameanza kubandika konokono juu ya kila kitu, hadi nembo ya duka la vipuri vya bodaboda. Nimeona nishushe uzi hapa, maana kubishana kwa voice note za dakika tano tano ni kuchoshana.

Msimamo wangu nautoa mapema ili mwenye haraka apite zake. Watu wa Renesansi, yaani ule mwamko wa sanaa na elimu wa Italia wa karne ya 15 na 16, waliujua uwiano huu na waliuheshimu sana. Ila waliuheshimu kama jiometri na kama theolojia. Wakishika brashi au nyundo, namba walizofanyia kazi zilikuwa nyingine: 1:2, 2:3, 3:4. Konokono kapachikwa na watu wa karne ya 19 na waliowafuata.

Kwa wasioujua: chukua mstari, ukate vipande viwili visivyo sawa, kwa namna ambayo mstari mzima ukilinganishwa na kipande kikubwa unatoa jibu lile lile la kipande kikubwa kikilinganishwa na kidogo. Kuna sehemu moja tu ya kukata, na jibu ni 1.618 na desimali zisizo na mwisho. Euclid aliueleza huko Aleksandria karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, na aliuhitaji kwa kazi maalumu: huwezi kuchora pembetano iliyo sawa pande zote bila huo mkato. Hakusema lolote kuhusu uzuri.

Sasa tupime. Ubao wa Mona Lisa una sentimita 77 kwa 53. Gawanya: 1.45. Karamu ya Mwisho pale Milano, kwenye ukuta wa bwalo la watawa wa Santa Maria delle Grazie, ina takriban sentimita 460 kwa 880. Gawanya: 1.91. Mtakatifu Jeromu wa Leonardo aliyeko Vatikani, 103 kwa 75, unapata 1.37. Hakuna hata mmoja unaokaribia.

"Ah, lakini siyo fremu, ni uso wake, ni mikono." Sawa. Nionyesheni mstari unaanzia wapi. Nywele zinapoanza? Juu ya kichwa? Kidevu kinaishia wapi wakati Leonardo kafifisha kingo zote kwa kivuli? Kwenye picha yenye vitu mia, mtu aliyeruhusiwa kuchagua mwanzo na mwisho wa kila mstari ataupata uwiano wowote anaoutaka. Mkitaka 1.5 nitawaletea kesho asubuhi.

Karibuni.

#2 Kijiti Kikavu

Nipo siti ya mbele na kahawa yangu. Wajuvi waje.

#3 Dogo Hesabu

Mkuu heshima yako, lakini hapo umeruka kitu kikubwa makusudi. Luca Pacioli aliandika kitabu kizima kinachoitwa Divina proportione, uwiano wa kimungu. Na michoro ya kitabu hicho alichora nani? Leonardo da Vinci huyo huyo. Waliishi mji mmoja, wote wakiwa chini ya mtawala mmoja, Ludovico Sforza. Unataka kutuambia mtu anachora kitabu cha uwiano wa dhahabu mchana, halafu jioni anaenda kupaka Karamu ya Mwisho na anausahau?

#4 Mzee wa Rula

Dogo Hesabu, ndilo swali nililokuwa nalisubiri.

Pacioli alikuwa mtawa wa Kifransisko kutoka Borgo San Sepolcro. Wahasibu mliopo humu mnamjua bila kujijua: mwaka 1494 huko Venezia alichapisha kitabu kikubwa cha hesabu chenye maelezo ya debiti na krediti, maelezo ya kwanza kuchapishwa ya mfumo mnaotumia hadi leo. Mwaka 1496 akaenda Milano, akakutana na Leonardo, na kufikia 1498 maandishi ya Divina proportione yalikuwa tayari. Kitabu kikapigwa chapa Venezia mwaka 1509.

Sasa kifungueni. Leonardo alichora nini humo? Maumbo magumu. Mchemraba, piramidi, umbo lenye nyuso 12 za pembetano, mengine yenye nyuso nyingi zaidi, mengine yakiwa mifupa mitupu unayoweza kuona upande wa pili. Karibu michoro sitini. Hakuna mwili wa mtu uliokatwa kwa 1.618, hakuna uso wenye mistari ya namna hiyo, hakuna fremu ya picha.

Na kwa nini Pacioli aliuita wa kimungu? Alitoa sababu tano, na zote ni za mtu wa kanisa. Uwiano huu ni mmoja tu, kama Mungu alivyo mmoja. Una sehemu tatu zilizounganika, kama Utatu. Hauwezi kuandikwa kwa namba inayokamilika, kama Mungu asivyoweza kuelezwa kwa maneno ya binadamu. Haubadiliki, uupake kwenye mstari mrefu au mfupi. Ya tano ndiyo inayoeleza kitabu kizima: umbo la nyuso 12, ambalo tangu enzi za Plato lilihusishwa na mbingu, haliwezi kujengwa bila mkato huu. Mnaona alikokuwa anaelekea. Hakuna hata moja inayosema "picha itapendeza".

Kitu ambacho video hazisemi ni kwamba kitabu kina sehemu ya pili, ya ujenzi. Pacioli aliiandika kwa ajili ya wanafunzi wake, waashi wachonga mawe wa Borgo San Sepolcro. Hapo ndipo angekuwa na nafasi ya kuwaambia mafundi: vijana, kateni mawe yenu kwa uwiano wa kimungu. Aliwapa nini? Aliwapa Vitruvius, yule msanifu wa Kirumi: kichwa ni sehemu ya ngapi ya mwili, nguzo iwe na unene mara ngapi. Sehemu za namba nzima. Yaani mwenye kitabu mwenyewe, alipofika kwa fundi, aliuacha uwiano wa kimungu kwenye kurasa za kwanza.

(Sehemu ya tatu ya kitabu ni kazi ya mtu mwingine. Mchoraji Piero della Francesca, wa mji huo huo wa Borgo, aliandika kwa Kilatini kuhusu yale maumbo matano, akafariki 1492, na Pacioli akayachapisha kwa Kiitaliano bila kumtaja. Vasari, mwandishi wa wasifu za wasanii wa Italia, alimshukia kwa maneno makali kwenye wasifu wa Piero. Kunakili kazi ya mwenzako bila kumtaja hakukuanza na mitandao.)

Kuhusu kusahau jioni: Karamu ya Mwisho ilianza karibu 1495, kabla Pacioli hajafika Milano.

#5 Mchora Ukuta

Na yule mtu mwenye mikono minne na miguu minne ndani ya duara? Kitovu chake si ndicho kinachokata mwili kwa 1.618? Hiyo tumefundishwa chuoni kabisa, iko hadi kwenye slaidi.

#6 Mzee wa Rula

Mchora Ukuta, yule ni mchoro wa kalamu kwenye karatasi ndogo isiyofika urefu wa sentimita 35, wa mwaka 1490 hivi, na unatunzwa Venezia kwenye jumba la Accademia. Uzuri wake ni kwamba Leonardo aliandika maelezo juu na chini ya picha, kwa ule mwandiko wake wa kurudi nyuma, kutoka kulia kwenda kushoto. Kwa hiyo hatuna haja ya kubahatisha alipima kwa nini, ametuambia.

Kuanzia kidevu hadi nywele zinapoanza: sehemu ya kumi ya urefu wa mtu. Kidevu hadi utosini: sehemu ya nane. Kiwiko hadi ncha ya vidole: sehemu ya nne. Mguu, yaani unyayo: sehemu ya saba, hapo alitofautiana na Vitruvius aliyesema ya sita. Hata uso umegawanywa tatu sawa. Zote ni moja chini ya namba fulani nzima, na zote unaweza kuzipima kwa kamba yenye mafundo.

Kitovu kiko katikati ya duara, hilo kweli, limetoka kwa Vitruvius. Ukichukua nusu kipenyo cha duara ukagawanya kwa upande wa mraba unapata takriban 0.61. Uwiano wa dhahabu unataka 0.618. Mtu atasema "si ni karibu?" Lakini huyu ni Leonardo, mtu aliyechora kwa bikari na akaacha matundu ya sindano kwenye karatasi. Kama angetaka 0.618 angeipata, ni kazi ya bikari na rula tu. Na mchoro huu ni wa miaka sita kabla ya kukutana na Pacioli.

#7 Binti Seremala

Mzee wa Rula shikamoo. Nimesoma yote, nina mawili.

La kwanza, hapo mwishoni umegusa kitu halafu ukakipita. Watu wanadhani kutumia uwiano huu kunahitaji kikokotoo. Hapana. Mimi nafanya kazi ya mbao. Chora mraba, tafuta katikati ya upande wa chini, weka sindano ya bikari hapo, fungua hadi kona ya juu ya upande wa pili, zungusha ishuke hadi kwenye mstari wa chini uliouendeleza. Hapo ulipogusa ndipo mstatili wako wa dhahabu unapoishia. Ni sekunde chache. Kwa hiyo hoja ya kwamba "mafundi walipenda namba nzima kwa sababu ni rahisi" isitumike, maana na huu ni rahisi.

La pili, umechagua picha zinazokufaa. Mbona hukuitaja Kuzaliwa kwa Venus ya Botticelli? Jumba la Uffizi linaloitunza kule Firenze wanaiandika sentimita 172.5 kwa 278.5. Gawanya hiyo mbele yetu.

#8 Kijiti Kikavu

Leo Mzee kapatikana 😂😂

#9 Mzee wa Rula

Marahaba dada. Nagawanya mbele yenu: 1.614. Ili iwe dhahabu kamili kwa urefu ule wa 172.5, upana ungetakiwa 279.1. Imepungua milimita sita. Hiyo ndiyo picha bora kuliko zote kwa upande wenu, na ajabu ni kwamba wapiga video hawaitaji, wanang'ang'ania Mona Lisa.

Lakini twende kwa utaratibu. Botticelli huyo huyo, Firenze hiyo hiyo, miaka michache kabla, alichora Primavera: 207 kwa 319. Hiyo ni 1.54. Venus na Mars iliyoko London: sentimita 69 kwa 173, hiyo ni 2.5. Mtu mwenye kanuni anaitumia mara moja tu? Halafu Venus yetu ipo juu ya vipande viwili vya kitambaa vilivyoshonwa pamoja. Kwa kipimo cha Firenze cha wakati ule, braccio, yaani mkono, wa sentimita 58 na kidogo, picha ina karibu mikono mitatu kwa minne na robo tatu. Upana wa kitambaa na ukuta wa mteja vinaweza kuamua ukubwa wa picha kabla mchoraji hajafungua mdomo. Hati ya kuagiza picha hii haijabaki. Bila hati, milimita sita ni jambo la kufurahisha, lakini siwezi kulifanya ushahidi wa nia.

Hati za picha nyingine zipo, na ndizo zinazonishawishi zaidi kuliko rula. Mwaka 1485, Firenze, Domenico Ghirlandaio alisaini mkataba wa kuchora Mamajusi wakimsujudia Mtoto Yesu, kwa ajili ya hospitali ya watoto walioachwa ya Innocenti. Mkataba unasema rangi ya bluu lazima iwe ultramarini ya thamani ya florini nne kwa aunsi moja. Unataja malipo, unataja muda, unataja kwamba mkuu wa hospitali ndiye atakayeamua kama kazi inalingana na bei. Mteja anajua hadi bei ya unga wa rangi! Mtu wa namna hiyo, kama uwiano fulani ndio ulikuwa siri ya uzuri, angeudai kwenye karatasi.

Kuhusu bikari, nakubaliana na wewe kabisa, na hoja yangu haikuwa urahisi. Namba nzima walizichagua kwa sababu waliamini zina maana. Kwenye hilo namwita Mwanakwaya, najua yumo humu anasoma kimya kimya.

#10 Mwanakwaya

Umeniamsha ndugu. Nitaeleza kwa picha moja tu, na nitakwenda taratibu kwa sababu ndiyo kiini cha uzi huu.

Nendeni kwenye simu, tafuteni Shule ya Athene ya Raffaello, aliyoipaka Vatikani kati ya 1509 na 1511, yaani wakati ule ule kitabu cha Pacioli kinatoka kiwandani. Msiangalie Plato na Aristotle katikati, kila mtu anawaangalia hao. Shukeni chini kushoto. Kuna mzee amechuchumaa anaandika kwenye kitabu kikubwa, huyo ni Pythagoras. Mbele yake kijana ameshika ubao mweusi kama ule wa shuleni. Vuteni karibu.

Kwenye ubao kuna namba nne za Kirumi: 6, 8, 9, 12. Zimeunganishwa kwa mistari ya kupinda kama nyuzi za kinubi, na majina ya Kigiriki ya vipindi vya sauti. Chini yake kuna pembetatu ya vijiti: kimoja, viwili, vitatu, vinne, na alama ya X, yaani kumi.

Sasa wanakwaya wenzangu, chukueni uzi wa gitaa. Tuseme una urefu wa 12 na ukiupiga unatoa do. Ukibana ubaki 9, unapata fa. Ukibaki 8, unapata sol. Ukibaki 6, nusu kamili, unapata do ya juu. Basi 12 kwa 6 ni 2:1, hiyo ni oktavu. 12 kwa 8 ni 3:2, do na sol. 12 kwa 9 ni 4:3, do na fa. Na kati ya 9 na 8 ndiyo hatua ya fa kwenda sol. Namba nne tu, na mifupa yote ya muziki imo.

Papa anampa kijana wa miaka ishirini na kitu ukuta wa chumba chake, kijana anataka kuonyesha siri ya mpangilio wa ulimwengu, na anaandika hiki. Kama 1.618 ndiyo ingekuwa siri, ubao ulikuwepo na nafasi ilikuwepo.

Na hakuanza yeye. Leon Battista Alberti, katikati ya karne ya 15, kwenye kitabu chake cha ujenzi anasema wazi kwamba namba zinazofurahisha sikio ndizo hizo hizo zinazofurahisha jicho, halafu anawapa wajenzi orodha ya vyumba: mraba, 2:3, 3:4, 1:2. Uso wa kanisa la Santa Maria Novella pale Firenze, aliousanifu yeye na ukakamilika 1470, unaingia wote ndani ya mraba mmoja, urefu sawa na upana. Ghorofa ya juu inaingia kwenye mraba wenye upande wa nusu. Oktavu ya mawe hiyo, ndugu zangu. Leonardo naye, kwenye maandishi yake ya uchoraji, aliulinganisha mpangilio wa vitu vinavyopungua kwa umbali na ngazi za sauti za mwanamuziki.

Nimemaliza, narudi kwenye mazoezi ya Jumapili.

#11 Mchora Ukuta

Aisee. Nimevuta karibu huo ubao. Miaka yote nimeitumia hiyo picha kama kioo cha simu na sikuwahi kuuona.

#12 Mama Mbili

Sasa kama wao hawakuupaka, uongo umetoka wapi? Maana hata vitabu vya shule vinasema.

#13 Mzee wa Rula

Mama Mbili, mwingi umetoka Ujerumani, karne ya 19.

Hata jina la "mkato wa dhahabu" linaonekana kwenye kitabu cha hesabu cha Martin Ohm, toleo la 1835, ndugu wa yule Ohm wa umeme. Mwaka 1854 akaja Adolf Zeising. Huyu alipima miili ya watu, sanamu, mimea, mahekalu, akatangaza kwamba mkato huu ndio sheria ya uzuri katika maumbile na sanaa yote. Hapo ndipo kitovu kilipopata umaarufu wake. Zeising alikuwa na bidii ya kweli, simdharau, ila alikuwa na ule ugonjwa niliousema mwanzo: mistari anaichagua mwenyewe.

Mwaka 1876 Gustav Fechner akatoa matokeo ya majaribio: aliwapa watu mistatili kumi wachague unaopendeza. Wa dhahabu uliongoza kwa takriban theluthi ya kura. Hilo likawa "sayansi imethibitisha". Waliorudia majaribio ya aina hiyo baadaye wamepata majibu yanayopingana, na watu wengi wanachagua tu mstatili usio mraba sana wala mrefu sana. Ukitupa wavu wenye matundu ya kuanzia 1.5 hadi 1.75, 1.618 ataingia tu pamoja na ndugu zake wote.

Herufi ya Kigiriki fi, mnayoiona kwenye video, nayo ilipewa namba hii mwanzoni mwa karne ya 20. Halafu ikaja riwaya moja ya Kimarekani ya 2003 iliyouza mamilioni, ikaweka Leonardo na namba hii kwenye sahani moja. Baada ya hapo hapakuwa na breki. Kuna mwanahisabati wa Marekani, George Markowsky, alikuwa ameshaandika makala mwaka 1992 akizipitia hadithi hizi moja moja kwa rula, lakini makala ya hesabu haiwezi kushindana na muziki wa kutisha.

#14 Dogo Hesabu

Nimekaa kimya nasoma, nimekubali mengi. Ila sijamaliza. Mwaka 2015 jarida la anatomia lilichapisha utafiti kwamba kwenye Uumbaji wa Adamu wa Michelangelo, pale vidole vinapokaribia kugusana ndipo penye mkato wa dhahabu. Hiyo si video ya WhatsApp, ni jarida. Na pili, mlolongo wa Fibonacci, 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, ni wa mwaka 1202, Mwitaliano wa Pisa. Gawanya 13 kwa 8 unapata 1.625. Kwa hiyo hata hao wa namba nzima wangeweza kuufikia kwa mlango wa nyuma. 5:3, 8:5, zote ni namba nzima.

#15 Mzee wa Rula

Umekuja na silaha nzuri. Nianze na ya pili.

Fibonacci, yaani Leonardo wa Pisa (siyo da Vinci), aliandika tatizo lake la kuhesabu sungura wanaozaliana mwaka 1202, kweli. Lakini kwake lilikuwa tatizo la sungura. Kwamba ukigawanya namba jirani za mlolongo ule unaukaribia uwiano wa Euclid, anayejulikana zaidi kwa kuliandika na kulichapisha ni Johannes Kepler, mwaka 1611. Hata kuuandika uwiano wenyewe kwa desimali, ushahidi wa zamani tunaoujua ni barua ya Michael Maestlin kwa Kepler, 1597. Leonardo da Vinci alifariki 1519, Raffaello 1520, Botticelli 1510. Mchoraji aliyetumia 5:3 wakati huo alikuwa anatumia 5:3, na kwenye muziki 5:3 ina jina lake pia, muulize Mwanakwaya.

Sasa Adamu. Picha ile ina takriban mita 5.7 kwa 2.8. Ni kweli vidole haviko katikati, vimesogea upande wa Adamu. Kila mtu anaona hilo bila rula, na ndiyo raha ya picha: Mungu anakuja na kundi zima la malaika na nguo zinapepea, anahitaji nafasi, Adamu amelala mlegevu kwenye kona yake. Ukisogeza kitu kutoka katikati bila kukifikisha theluthi, utaangukia jirani na 0.618 hata usipotaka, maana nusu ni 0.5 na theluthi mbili ni 0.667. Utafiti ule ulipima picha, haukupata maandishi ya Michelangelo. Na Michelangelo ndiye mtu wa mwisho ningemdhania, kwa sababu Vasari anasimulia alikuwa akisema bikari inatakiwa iwe machoni, siyo mkononi.

#16 Kijiti Kikavu

Mkuu na kadi ya benki? Niliambiwa ni dhahabu.

#17 Binti Seremala

Kadi nimeipima sasa hivi kwa kaliba, 85.6 kwa 54, inakuja 1.59. Na karatasi ya A4 ni 1.41, kipeuo cha pili cha mbili, ili ukiikunja nusu ibaki na umbo lile lile. Hiyo A4 ni akili kuliko konokono, kwa maoni yangu.

Mzee wa Rula, nimeelewa na nakubaliana kuhusu Renesansi, ila Venus bado naiwekea kiulizo. Swali la mwisho: yupo mchoraji yeyote ambaye tunaweza kusema bila ubishi kwamba aliutumia kwa makusudi? Maana wanafunzi wangu wakiniuliza nataka kuwapa jina, siyo "hapana" tupu.

#18 Mzee wa Rula

Yupo dada, ila subiri hadi karne ya 20, watu wakishawasoma Wajerumani. Mwaka 1912 kundi la wachoraji wa Paris walifanya maonyesho wakajiita kabisa Section d'Or, yaani Mkato wa Dhahabu, ingawa wengi wao walipenda jina kuliko bikari. Msanifu majengo Le Corbusier alitengeneza kipimo chake cha majengo, Modulor, kimejengwa juu ya uwiano huu moja kwa moja.

Lakini wa kuwapa wanafunzi ni Salvador Dalí. Mwaka 1955 alimaliza Sakramenti ya Karamu ya Mwisho, ipo Washington. Turubai lina sentimita 166.7 kwa 267, gawanyeni wenyewe, ni 1.60. Na kama mtu ana shaka na nia yake, nyuma ya Yesu na wanafunzi Dalí kapaka umbo kubwa linaloelea, mifupa mitupu inayopitisha mwanga wa asubuhi, lenye nyuso za pembetano. Ni lile umbo la nyuso 12 la Pacioli. Mpe mwanafunzi hiyo picha na kurasa za michoro ya Leonardo ya 1498, aziweke pamoja mezani.

Ya Venus tuiache wazi. Mwenye picha ya nyuma ya turubai, pale kwenye mshono, aitie hapa.

#19 Mwanakwaya

5:3 ni do na la. Nilikuwa mazoezini.